Maji katika Oveni ya Nyumbani: Chanzo Chake na Namna ya Kuyaondoa

Mwokaji wa keki ndogo za kuuza huwasha oveni yake alfajiri, akaingiza trei mbili kwa pamoja, na baada ya robo saa akainama kutazama kupitia kioo cha mlango. Haoni kitu. Kioo kimefunikwa na ukungu, matone yanateremka ukingoni, na sakafu chini ya mlango imelowa. Keki zinapotolewa huwa zimepauka juu, zimelowana chini, na baadhi yake zimebonyea katikati. Unga, sukari, mayai na siagi vimekwisha kutumika, na mteja aliyeagiza anangoja.

Hapo huzuka maelezo ya namna tatu. Wengine husema kwamba oveni imeharibika na haina budi kuuzwa. Wengine, hasa wakazi wa pwani, huilaumu hewa ya bahari. Na wapo ambao, kwa nia njema kabisa, huchukua kitambaa au karatasi ya alumini wakaziba kila tundu waliloliona, wakidhani kwamba unyevu unaingia kutoka nje. Maelezo ya kwanza aghalabu si kweli, ya pili yana ukweli mdogo sana, na kitendo cha tatu chaweza kuua. Makala haya yanaeleza maji hayo yatokako, sababu ya kuonekana kwake, na utaratibu wa kufuata ili kuyapunguza bila ya kuleta hatari.

Maji hutoka wapi?

Oveni ya kawaida haina bomba la maji. Maji yote yanayoonekana ndani yake yana asili tatu tu: chakula chenyewe, gesi inayoungua, na hewa iliyomo chumbani. Inafaa kuzipima asili hizo moja moja, kwa kuwa ukubwa wake hautofautiani kidogo.

Tuanze na chakula. Kwa kila gramu 100 za unga wa ngano, mwokaji wa mkate hutia gramu 60 hivi za maji. Mkate unapookwa, uzito wake hupungua kwa asilimia 10 hadi 15, na karibu upungufu wote huo ni maji yaliyogeuka mvuke. Basi mtu aokapo mikate miwili, kila donge likiwa na gramu 900, huondoa yapata gramu 200 za maji. Kiasi hicho hakijazi hata glasi moja kubwa. Lakini gramu moja ya maji, ikigeuka mvuke katika joto la nyuzi 100 za Sentigredi, hutanuka hata ikachukua nafasi ya lita 1.7 hivi. Kwa hiyo maji ya mikate miwili hutoa zaidi ya lita 330 za mvuke. Oveni nyingi za nyumbani zina nafasi ya lita 60 tu. Ni dhahiri kwamba mvuke huo, ambao ni zaidi ya mara tano ya nafasi iliyopo, hauwezi kubaki ndani. Ni lazima utoke, na ukikosa njia iliyopangwa utatafuta njia yake wenyewe. Kuku na viazi nao hutoa maji mengi, na kuku aliyetoka katika barafu bila ya kukaushwa huongeza maji yaliyokuwa juu ya ngozi yake.

Asili ya pili haitambuliwi na watu wengi, nayo ni gesi. Mwaka 1784 mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba hidrojeni ikiungua huzaa maji. Gesi ya mitungi inayotumiwa majumbani ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili zina kaboni na hidrojeni. Zikiungua vizuri, kaboni huungana na oksijeni ikawa kaboni dioksaidi, nayo hidrojeni huungana na oksijeni ikawa maji. Kilo moja ya gesi hiyo huzaa takriban kilo 1.6 za maji. Maji huuzidi uzito wa gesi yenyewe kwa sababu oksijeni yake imetoka hewani.

Chukua kwa mfano kichomeo cha oveni kinachotumia gramu 150 za gesi kwa saa. Kichomeo hicho hutoa gramu 240 za maji katika muda huo, yaani zaidi ya maji ya mikate miwili, hata kama oveni ni tupu kabisa. Ndiyo maana oveni ya gesi huonyesha ukungu mlangoni dakika chache tu baada ya kuwashwa. Oveni ya umeme haina jambo hilo, kwani waya wake wa joto hauunguzi kitu. Mkaa nao hutoa maji machache, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni na hidrojeni yake ilikwisha kutoka wakati kuni zilipochomwa tanurini.

Asili ya tatu ni hewa. Hewa yenye joto la nyuzi 30, ikiwa imeshiba unyevu kabisa, huchukua gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Oveni ya lita 60 ina nafasi ya chini ya sehemu ya kumi ya mita hiyo. Basi hata katika siku yenye fukuto kubwa Dar es Salaam au Tanga, hewa iliyofungiwa ndani ya oveni haina gramu mbili za maji. Ukilinganisha gramu mbili za hewa na gramu 200 za mikate, utaona kwamba hewa ya bahari inasingiziwa.

Kwa nini mvuke hugeuka maji?

Chupa ya soda ikitolewa katika jokofu na kuwekwa mezani hulowa nje mara moja. Maji hayo hayakupenya kioo. Hewa iliyoigusa chupa ilipoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama hewa ya joto. Ile ziada ikawa matone. Kitendo hicho cha mvuke kurudi kuwa maji huitwa mtonesho, na kiwango cha joto ambapo mtonesho huanza huitwa kiwango cha umande. Umande wa alfajiri juu ya majani hutokea kwa kanuni hiyo hiyo.

Katika hewa ya kawaida ya pwani kiwango cha umande huwa nyuzi 24 hivi, kwa hiyo vitu vya baridi tu ndivyo vinavyolowa. Ndani ya oveni mambo ni tofauti. Chakula kinapotoa mvuke kwa nguvu, nusu ya hewa iliyomo yaweza kuwa mvuke mtupu. Hapo kiwango cha umande hupanda hadi nyuzi 81. Maana yake ni kwamba kila kitu chenye joto lililo chini ya nyuzi 81 kitalowa, hata kama hakigusiki kwa mkono kwa ukali wa moto wake. Katikati ya oveni pana nyuzi 180, na huko maji hayawezi kutulia. Lakini ukingo wa mlango, pembe za kioo na bati la mbele huwa na joto dogo zaidi. Ndiyo sababu matone huonekana mahali hapo na si penginepo.

Kanuni hii hueleza pia jambo linalowashangaza watu. Oveni iliyoko Njombe mwezi wa Julai, ambako joto la alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10, hutoa matone mengi mwanzoni kuliko oveni ya namna hiyo hiyo iliyoko pwani, ijapokuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi zaidi. Bati na kioo vya Njombe vimelala na baridi, kwa hiyo huchukua muda mrefu kuvuka kiwango cha umande. Baridi ya chombo ina nguvu kuliko unyevu wa hewa.

Unyevu husaidia, kisha huharibu

Haifai kudhani kwamba mvuke ni adui siku zote. Katika dakika 10 za mwanzo mvuke huusaidia mkate: hulainisha uso wake ili donge lipate kupanda bila ya kupasuka, na huleta mng'ao juu ya ganda. Waokaji wakubwa huingiza mvuke kwa makusudi katika matanuri yao, kisha huutoa. Kosa hutokea mvuke unapokaa kupita wakati wake.

Sababu yake ni hii. Kubadilisha kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257, ambalo ni joto kubwa mno. Joto hilo halipandishi kipimajoto hata kidogo, na kwa hiyo huitwa joto lililojificha. Joseph Black wa Uskoti alilifundisha katika miaka ya 1760. Madhali uso wa keki umelowa, joto la moto hutumika kuyavukiza maji, nao uso hauwezi kupita nyuzi 100. Lakini rangi ya kahawia na harufu nzuri ya kitu kilichookwa hutokea upesi pale tu uso unapofika nyuzi 140 hivi. Oveni iliyojaa mvuke huchelewesha kukauka kwa uso, na chakula hutoka kimeiva lakini kimepauka, kana kwamba kilichemshwa.

Wapishi wa mwambao walilitatua tatizo hili zamani. Mkate wa kumimina hupikwa kwa moto wa chini na kwa makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko. Makaa hayo ya juu hufanya kazi mbili. Yanageuza rangi ya uso wa mkate, na papo hapo yanaufanya mfuniko uwe wa moto kupita kiwango cha umande, hata mvuke usipate mahali pa kugeuka matone na kudondokea mkate. Mfuniko usio na makaa hulia machozi. Wenye makaa huwa mkavu. Siri ya oveni kavu ni hiyo hiyo: kuta ziwe na moto wa kutosha, na mvuke uwe na pa kutokea.

Utaratibu wa kutafuta kosa

Kabla ya kumwita fundi, mwenye oveni aweza kufanya uchunguzi kwa hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni kutazama wakati. Ukungu unaotokea katika dakika 10 au 15 za mwanzo kisha ukatoweka si kosa. Ni chombo kinachopata moto. Ukungu unaodumu zaidi ya nusu saa, au maji yanayofika sakafuni, yana sababu ya kutafutwa. Matone yanayotokea baada ya oveni kuzimwa huonyesha kwamba mvuke ulifungiwa ndani wakati kuta zikipoa.

Hatua ya pili ni kuijaribu oveni ikiwa tupu. Iwashwe kwa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 20 bila ya chakula. Oveni ya umeme iliyo safi na kavu ibaki bila ya matone yoyote. Ikiwa hivyo, basi maji yanayolalamikiwa ni ya chakula, na tiba itafutwe katika kiasi cha chakula na njia ya mvuke. Oveni ya gesi itaonyesha ukungu mwanzoni kwa sababu iliyokwisha elezwa, lakini nao uondoke. Usipoondoka, kuna kizuizi katika njia ya kutolea moshi na mvuke.

Hatua ya tatu ni kulitafuta tundu la kutolea mvuke. Katika oveni nyingi tundu hilo liko nyuma, juu kidogo ya usawa wa vichomeo vya juu, au mbele chini ya vitufe, au chini ya pleti mojawapo ya nyuma. Mara nyingi limezibwa na mafuta yaliyoganda, au sufuria limewekwa juu yake, au oveni imesukumwa hadi ikagusa ukuta. Kitabu cha maelezo kilichokuja na oveni huonyesha mahali pake na nafasi inayotakiwa kuachwa nyuma.

Hatua ya nne ni kupima raba ya mlango. Oveni ikiwa imezimwa na imepoa, ukanda wa karatasi uwekwe ukingoni na mlango ufungwe juu yake. Karatasi ikivutwa ilete ukinzani. Ikitoka bure, raba hapo imechoka au bawaba zimelegea, na mvuke hupita ukingoni badala ya tundu lake. Ukigusa bati la nje lenye baridi hugeuka maji na kutiririka hadi chini. Hata hivyo yafaa kutahadhari: baadhi ya oveni zimetengenezwa makusudi na mwanya upande wa chini au pembeni ili hewa mpya iingie. Mwanya wa namna hiyo hunyooka na ni nadhifu. Uliosababishwa na uchakavu huwa umepinda au umepasuka.

Hatua ya tano ni kupima joto. Kipimajoto cha oveni kiwekwe katikati ya rafu ya kati, na kisomwe mara kadhaa baada ya oveni kuwaka nusu saa. Kitufe chaweza kuonyesha nyuzi 180 ilhali ndani pana 160. Upungufu huo hurefusha muda wa kuoka, huacha kuta zikiwa baridi kuliko ipasavyo, na huongeza matone.

Hatua ya sita ni kutazama nafasi iliyo kati ya vioo viwili vya mlango. Ukungu mwepesi unaoingia humo na kuondoka oveni ikipata moto hauna madhara. Madoa ya kahawia yasiyoondoka yanaonyesha kwamba mvuke wenye mafuta umekuwa ukipenya kwa muda mrefu, na mlango unahitaji kufunguliwa na fundi.

Tiba

Tiba nyingi hazigharimu fedha. Oveni iwashwe mapema, dakika 15 hadi 20 kabla ya chakula kuingizwa, ili bati na kioo vipite kiwango cha umande. Oveni ya gesi iwashwe mlango ukiwa wazi, kwanza ili gesi isikusanyike ndani kabla ya kushika moto, na pili ili mvuke wa dakika za mwanzo utoke. Baada ya dakika mbili tatu mlango ufungwe.

Chakula kipunguzwe. Trei mbili za keki hutoa mvuke maradufu ya trei moja, na huizuia hewa kuzunguka. Mwokaji aliye na oveni ndogo atapata keki nzuri zaidi, na pengine kwa haraka zaidi, akioka trei moja moja na kuacha nafasi ya vidole vitatu kati ya trei na kuta. Nyama na kuku vikaushwe kwa kitambaa safi au karatasi kabla ya kuingizwa, na vilivyogandishwa viyeyushwe kabisa kwanza.

Mvuke utolewe kwa wakati wake. Kwa mkate, baada ya dakika 15 mlango waweza kufunguliwa kidogo kwa sekunde chache, mvuke ukatoka. Keki isifunguliwe mapema namna hiyo, maana baridi ya ghafula hulibonyeza donge ambalo halijashikamana. Ingojewe hadi theluthi mbili za muda wake zimekwisha. Anayefungua asimame kando na auepushe uso. Mvuke unapogeuka maji juu ya ngozi hutoa lile joto lililojificha, na kwa uzito ulio sawa joto hilo ni zaidi ya mara nane ya lile litolewalo na maji yanayochemka yakipoa hadi joto la mwili.

Chakula kikiiva kisiachwe ndani ya oveni iliyozimwa na kufungwa. Mkate na keki vitolewe katika vyombo vyake na kuwekwa juu ya waya ulioinuka, ili hewa ipite chini. Mkate ulioachwa ndani ya bati hulowa chini kwa mvuke wake wenyewe, hata kama uliokwa vema. Kisha mlango wa oveni uachwe wazi kidogo kwa dakika 10 au zaidi, watoto wakizuiwa kuukaribia, na matone yapanguswe baada ya chombo kupoa. Katika miji ya pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa chumvi ya hewa ikiungana na maji huharakisha kutu.

Baadhi ya oveni za umeme zina feni ndogo inayoendelea kuzunguka baada ya moto kuzimwa. Wengi huzima swichi ya ukutani mara moja ili kuokoa umeme. Feni hiyo hutumia umeme kidogo sana, na kazi yake ni kuondoa joto na mvuke katika sehemu za vitufe na nyaya. Heri iachwe isimame yenyewe.

Raba iliyochoka ibadilishwe kwa raba ya aina ile ile. Katika haya yote, kanuni moja yatosha kukumbukwa: mlango ufunge sawasawa, na tundu liwe wazi. Anayeliziba tundu na kuacha mlango umelegea amepindua mambo.

Hatari isiyoonekana

Imesemwa hapo mwanzo kwamba kuziba matundu kwaweza kuua. Tundu la mvuke katika oveni ya gesi ndilo pia njia ya moshi, na matundu yaliyo sakafuni mwa oveni ndiyo yanayopitisha hewa ya kichomeo. Mtu akitandika karatasi ya alumini juu ya sakafu hiyo ili mafuta yasiichafue, au akiziba tundu la nyuma ili ukungu usitoke, gesi hukosa oksijeni ya kutosha. Kaboni yake hapo haiungui kikamilifu, na badala ya kaboni dioksaidi hutoka kaboni monoksaidi.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikivutwa hushikana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, nao mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na kwa kuwa hufanana na dalili za uchovu au homa, wengi hawazijali. Mkaa unaowashwa ndani ya chumba kilichofungwa huleta hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo maji yanayolowanisha madirisha na kuta za jiko zima kila gesi inapowashwa yatazamwe kama onyo. Yanaonyesha kwamba mazao ya moto hayatoki nje, na penye mvuke uliokwama huenda pana gesi hiyo yenye sumu. Moto wa kichomeo uwe wa samawati. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, dalili imetimia. Hapo oveni izimwe, milango na madirisha yafunguliwe, watu watoke nje, na chombo kisiwashwe tena mpaka fundi wa gesi akikague. Aliyeumwa kichwa au kuzimia apelekwe hospitali bila ya kukawia. Na hata pasipo na dalili yoyote, jiko la gesi liwe na dirisha lililo wazi wakati wote wa kupika.

Oveni ya umeme ina hatari yake. Waya wa joto umefungwa ndani ya mrija wa chuma pamoja na unga wa magnesi oksaidi, ambao hauupitishi umeme ukiwa mkavu. Unga huo hufyonza unyevu. Oveni iliyokaa miezi mingi bila ya kutumika yaweza kuvujisha umeme kwenye bati lake inapowashwa, na swichi ya usalama ikakata umeme wa nyumba nzima. Swichi hiyo isilazimishwe wala isifungwe kwa waya. Imefanya kazi iliyowekewa. Oveni itengwe na umeme, na fundi mwenye leseni aipime, aikaushe au abadilishe waya wake, na ahakikishe kwamba waya wa ardhi umeunganishwa.

Mwisho

Maji ya oveni, basi, hayaletwi na bahari wala si ishara ya chombo kuukuu. Mengi ni maji ambayo mpishi mwenyewe aliyatia katika unga, pamoja na yale yaliyozaliwa na gesi. Mwokaji wa alfajiri aliyetajwa mwanzoni huenda hahitaji oveni mpya. Akiwasha mapema, akaoka trei moja moja, akasafisha tundu la nyuma, akabadilisha raba iliyochoka na kufungua dirisha la jiko, kioo chake kitakauka kabla keki hazijageuka rangi, naye ataziona zikipanda.